Leseni, nauli na paa la jirani

Mukuru imepakana na Eneo la Viwanda jijini Nairobi, na katika miaka ya karibuni viwanda vingi vimetandaza paneli za sola juu ya mapaa yao ili kupunguza bili ya umeme. Kijana wa Mukuru kwa Reuben hana haja ya kupanda matatu kuzifuata kazi za uchumi wa kijani. Anazipita kwa miguu asubuhi akienda kutafuta kibarua getini. Kinachomzuia kulipanda paa lile ndicho ninachotaka kukieleza, maana mafunzo peke yake hayajakiondoa.

Tuanze na kazi yenyewe. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta na jua hupita karibu na utosi, kwa hiyo paneli hulazwa karibu bapa. Hata hivyo fundi huziinamisha nyuzi 10 hivi ili mvua ioshe vumbi. Mabati ya mawimbi hutobolewa kwenye mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni yanakopita maji, na kila skrubu huvalishwa mpira wake. Waya zinazotoka kwenye paneli hubeba mkondo mnyoofu, na hapo ndipo penye hatari ambayo fundi wa umeme wa nyumba huenda hajawahi kukutana nayo. Mkondo geu wa nyumbani hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde, ndiyo maana cheche ikiruka kwenye swichi huzimika upesi. Mkondo mnyoofu haushuki. Cheche yake inaweza kuendelea kuwaka hadi iunguze kiungo na kilicho karibu nacho. Tena paneli haina swichi ya kuizima: maadamu jua linaipiga, inatoa umeme. Kiungo kilichobanwa kwa koleo ya kawaida badala ya koleo yake maalumu kinaweza kuonekana kizima siku ya kwanza, kisha kikapata joto kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi.

Kijana mwenye bidii huyaelewa haya kwa wiki chache darasani. Mkono wenyewe huiva juu ya paa, chini ya jicho la fundi aliyemtangulia, na huko ndiko njia inakozibwa.

Tangu kanuni za mwaka 2012, Kenya hairuhusu mtu kubuni wala kufunga mfumo wa sola bila leseni. Leseni za mafundi, ambazo sasa hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA), zina madaraja: T1 kwa mifumo midogo, T2 kwa ya wastani, T3 kwa mikubwa, ikiwemo inayounganishwa na gridi kama ile ya viwandani. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, kwa sababu watu hulala chini ya mapaa hayo. Lakini kadiri daraja linavyopanda ndivyo uzoefu zaidi unavyotakiwa, na uzoefu hauuzwi dukani. Lazima mwenye leseni akubali kukupa nafasi. Mwenye mjomba kwenye kampuni huipata. Asiye naye hubeba ngazi na paneli miaka nenda miaka rudi, na hana karatasi hata moja inayosema alifanya nini.

Isitoshe, mafunzo ya bure ya miezi mitatu si ya bure kwa mtu anayekula alichopata leo. Nauli, chakula cha mchana, buti, mita ya kupimia umeme, na kwa mama kijana mtu wa kumshikia mtoto: haya ndiyo huwatoa watu darasani, wala si ugumu wa somo.

Tena mafunzo yasiyo na kazi inayosubiri hayafiki mbali, na Marekani ililijua hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2009 serikali yake ilitenga dola milioni 500 kwa mafunzo ya kazi za kijani. Mkaguzi wa ndani wa Wizara ya Kazi alipozikagua fedha hizo mwaka 2011, alikuta kwamba waliopata kazi hadi katikati ya mwaka huo walikuwa kama 8,000, yaani asilimia 10 tu ya lengo. Mradi ulikuwa bado unaendelea, na nchi ilikuwa inajikongoja kutoka kwenye mdororo wa uchumi. Hata hivyo funzo liko wazi: vyeti vilitangulia, kazi hazikufuata.

Lakini hukohuko Marekani, jijini New York, kwenye mtaa wa watu wa kipato cha chini wa South Bronx, Majora Carter alikuwa ameanzisha shirika la Sustainable South Bronx mwaka 2001, na miaka miwili baadaye likaanza kuwafundisha wakazi kurejesha kingo za mito na kusafisha udongo wenye sumu. Mwaka 2009 jiji nalo lilianzisha mpango wa kupaka mapaa rangi nyeupe ili kupunguza joto majengoni. Mapaa ya kupaka yalikuwepo, na mikono ilihitajika.

Hapa kwetu kazi ipo pia, na wapo wenye ujuzi usio na karatasi. Mchambuzi wa plastiki wa jaa la taka la Dandora hahitaji kuambiwa kwamba ukikatakata chupa ya soda pamoja na kifuniko chake na kuvitia majini, vipande vya kifuniko huelea na vya chupa huzama. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe. Yeye amekuwa akizitenganisha kabla ya sheria hiyo, na anastahili kupimwa kwa anachokijua, asirudishwe darasa la kwanza.

Kwa upande wa sola, sheria za ununuzi wa umma tayari hutenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Fungu hilo humfaa mwenye kampuni iliyosajiliwa. Mwanagenzi hana kampuni. Ningependa kaunti ziongeze kifungu kimoja katika zabuni za sola za shule na zahanati: atakayeshinda achukue wanagenzi wawili kutoka wadi ileile, awalipe kwa siku, na atie saini daftari lao la kazi kila mfumo unapowashwa. Daftari hilo ndilo watakaloenda nalo kuomba T2.