Njia ya Miguu katika Parki

Mlima Ruwenzori uko katika mpaka wa Kongo na Uganda. Kilele chake kirefu kinaitwa Margherita, na urefu wake ni mita 5109. Upande wa Kongo, mlima uko ndani ya Parki ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Upande wa Uganda iko parki nyingine, iliyoanzishwa mwaka 1991. Gari haliwezi kupanda kule juu. Watu wanapanda kwa miguu, na wapagazi wanawabebea mizigo.

Je, yafaa njia hizo zijengwe, au ziachwe udongo mtupu? Wengine wanasema: "Parki ni ya miti na wanyama. Mtu asijenge kitu." Wengine wanajibu: "Na wapagazi wanaoteleza na mizigo mizito, je?" Ili kupata jibu, yafaa kutazama kwanza kazi ya miguu na kazi ya maji.

Mguu wa mtu mmoja hauharibu kitu. Majani yanalala, kisha yanainuka tena. Lakini miguu ya watu mia inaua majani na kushindilia udongo. Udongo ulioshindiliwa haunywi maji. Mvua ikinyesha, maji yanatelemka katika njia kama katika mfereji. Yanachukua udongo na kuacha mizizi wazi. Watu wanaokimbia matope wanapita pembeni. Kesho pembeni napo pamekuwa matope, nao wanapita mbali zaidi. Hivi njia nyembamba inapanuka bila mtu kuilima. Basi, kuacha njia bila kuitengeneza si kuulinda mlima.

Hatari ni kubwa zaidi katika mabonde ya juu. Mvua huko ni nyingi, na mabonde yamejaa mimea laini inayoshika maji kama kitambaa kilicholowana. Maji hayo yanatoka polepole na kulisha vijito. Vijito vinafika mto Semliki, kisha ziwa Albert, na mwisho mto Nile. Mimea hiyo ikikanyagwa, inakawia kuota tena, kwa sababu baridi inaizuia kukua upesi.

Je, simenti itafaa? Simenti ni ngumu, nayo haiozi. Lakini haipitishi maji. Mvua ikianguka juu yake, maji yanakimbilia pembeni na kuchimba udongo. Tena wapagazi wangelazimika kuipandisha mfuko kwa mfuko, pamoja na mchanga. Na ikipasuka, ni kazi ngumu kuiondoa.

Kwa hiyo kila mahali pana dawa yake. Karibu na mlango wa parki, ambapo wanapita wazee na watu wenye magongo, kipande kifupi cha njia ngumu kinafaa. Mahali pakavu na tambarare, udongo unatosha, pamoja na mifereji midogo ya kutoa maji njiani. Penye mtelemko, zinafaa ngazi za mawe.

Penye matope, mbao zinafaa kuliko vyote. Katika bonde la Bigo, upande wa Uganda, zamani watu waliruka kutoka kichaka cha majani mpaka kingine, na aliyekosea alizama katika matope. Baadaye ilijengwa njia ya mbao juu ya nguzo. Watu wanapita juu, maji yanapita chini, na mimea ya pembeni haikanyagwi. Lakini mbao huoza. Anayejenga njia ya mbao hana budi kuitengeneza tena na tena.

Njia nzuri inashika miguu ya watu mahali pamoja, na kuyaachia maji nafasi yake.

Maswali
1. Kwa nini udongo ulioshindiliwa haufai wakati wa mvua?
2. Simenti ina faida gani? Ina hasara gani?
3. Tazama njia ya kwenda shule yenu. Maji yanapita wapi? Mngeitengeneza namna gani?