Kabla mtaa haujavunjwa, pimeni kina cha kisima

Mtu akikuambia kwamba mtaa wenu unafaa kuvunjwa ujengwe upya, usikimbilie kuuliza nyumba mpya zitakuwa za ghorofa ngapi. Muulize kwanza: mmekuja kuukagua mwezi gani?

Kyela ni bonde. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zote hushukia huku kwenda Ziwa Nyasa, na mvua za Machi hadi Mei si za mchezo. Mkaguzi anayekuja Septemba atakuta uwanja mkavu. Ataandika ukuta una ufa, bati lina kutu, choo kipo. Basi na arudi Aprili. Choo kile kile kimejaa maji karibu na mdomo, na kisima cha jirani kimejaa vile vile, kwani maji ya ardhini ni mamoja. Nyumba inaweza kuwa nzuri, ya tofali za kuchoma, na wenyewe wakawa wanakunywa kinyesi chao.

Kanuni inayofuatwa na wataalamu wengi ni kwamba chini ya shimo la choo pabaki angalau mita 1.5 kabla ya kufikia maji ya ardhini, na kisima kiwe mbali mita 30. Lakini katika viwanja vya mjini, mita 30 huishia uani kwa mtu wa tatu! Kwa hiyo mwenye nyumba mmoja hawezi kulimaliza jambo hili peke yake. Inatakiwa ramani ya mtaa mzima, vyoo vyote na visima vyote. Pakionekana maji yako juu, hapo ni choo cha kuinuliwa, cha kupanda kwa ngazi, au karo lisilovuja linalonyonywa na gari. Wapo wanaosubiri mvua kubwa wakatapisha choo mtaroni. Tuseme ukweli, hiyo ni dhulma kwa jirani wa chini.

Na tusidanganyike na macho. Maji yanaweza yasibadilike rangi, harufu wala ladha, mtu akasukutua na kutawadha bila shaka moyoni, na bado yakawa na vijidudu vya kipindupindu. Ugonjwa ule ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya nchi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama kisima kimejengewa vizuri.

Baada ya maji, watu. Magomeni Kota, Dar es Salaam, nyumba za zamani zilivunjwa na wakazi wakasubiri miaka kadhaa, hadi majengo mapya yalipozinduliwa Machi 2022. Kaya zilikuwa 644 na nyumba zilizojengwa ni 644. Hesabu kama hiyo hutoka kwa kuhesabu familia. Ukihesabu mapaa, nyumba ya vyumba sita ni moja. Ukihesabu familia, huenda ni sita, na wapangaji watano hawamo kwenye orodha yoyote. Waulizwe kina mama pia, kwa sababu wao ndio wanaojua bafu lipi halina stara na watoto hujisaidia wapi usiku.

Wala si lazima kila mtaa uvunjwe. Mradi wa viwanja na huduma ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Mbeya ilikuwamo pamoja na Dar es Salaam na Mwanza, ulipeleka barabara, maji na mitaro katika baadhi ya mitaa iliyokwishajengwa, watu wakabaki kwao.

Msisubiri wakaguzi. Chukueni kamba safi yenye jiwe lililooshwa, pimeni kutoka usawa wa ardhi hadi maji ya kisima kila Ijumaa kuanzia Februari hadi Juni, andikeni kwenye daftari la mtaa. Bwana afya na afisa mipango miji wakija, wakabidhini daftari hilo kabla hawajafungua la kwao.