Kifua cha Mchimbaji ni Amana

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali, lakini kilicho bure si lazima kiwe karibu. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Geita, au Mwakitolyo, Shinyanga, pamoja na mama anayeponda mawe kwa nyundo, huvuta vumbi la mwamba linalodhoofisha mapafu na kuufungulia mlango ugonjwa huo. Naye anayeishi kwa kipato cha kutwa, akienda kupimwa, siku hiyo nyumbani hakupikwi. Haki itatimia kipimo kikifika machimboni, na watoto wakipata chakula katika ile miezi sita ya dawa. Wanakamati wenzangu, tutangaze siku za vipimo baada ya swala ya Ijumaa. Na sadaka zetu zimfikie mgonjwa kabla ya sanda.