Mali Bila Daftari: Baiskeli na Simu Zinazohesabu Jiji

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka asiyeandika alichouza hajui kama aagize sukari au chumvi. Jiji nalo ni vivyo hivyo. Serikali ya kaunti isiyojua ni watu wangapi wanapita wapi, saa ngapi na kwa chombo gani, itajenga barabara kwa kubahatisha. Katika makala haya nitaeleza jinsi jiji linavyoweza kuhesabiwa kwa vyombo vidogo vinavyotembea, yaani baiskeli na simu.

Kwanza twende ng'ambo. Mwezi wa Disemba 2009, wakati wa mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu hali ya anga uliofanyika Copenhagen, wataalamu wa chuo cha MIT cha Marekani walionyesha gurudumu la nyuma la baiskeli waliloliita Copenhagen Wheel. Katikati yake palikuwa na kisanduku chekundu cha mviringo chenye mota, betri na vihisi. Kihisi ni kifaa kinachofanya kazi kama pua, sikio au ngozi yetu. Kimoja hunusa moshi wa magari, kingine husikia kelele, kingine hupima joto na unyevu. Mpanda baiskeli anaenda zake kazini, na huku nyuma gurudumu linaandika.

Lakini kujua kwamba kuna moshi hakutoshi. Ni lazima tujue moshi huo uko wapi. Hapa ndipo GPS inapoingia. Setilaiti zake huzunguka dunia kwa umbali wa kama kilomita 20,000 na kila moja hutuma ujumbe wenye saa yake. Simu hupima ujumbe huo umechukua muda gani kufika. Ikipata setilaiti nne au zaidi, hukadiria mahali ilipo kwa tofauti ya mita chache. Hata hivyo, katikati ya majumba marefu ya mjini mawimbi hugonga kuta na kupotoka. Ndiyo maana unaweza kuwa umesimama stegi, kumbe simu inasema umo ndani ya benki!

Je, Nairobi tumefanya nini? Msidhani tumelala. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walitembea na vifaa vya GPS wakachora mtaa wao katika mradi wa Map Kibera. Kabla ya hapo ramani nyingi zilionyesha mahali hapo kama patupu, ilhali palijaa watu, shule, zahanati na maduka.

Baadaye ukaja mradi wa Digital Matatus wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vya Columbia na MIT. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu, wakaandika kila stegi na jina lake. Mapema 2014 ramani ikatolewa yenye njia zaidi ya 130, zikiwemo namba ambazo sisi wa upande wa magharibi tunazijua kama majina ya ndugu zetu: 46 ya Kawangware, 23 ya Kangemi, 111 ya Ngong. Ramani hiyo ilionyesha wazi kwamba karibu njia zote hukutana katikati ya jiji. Basi mtu wa Kangemi anayekwenda Eastleigh mara nyingi hana budi kupitia tao, hata kama hana shida na tao. Makanga walilijua hilo zamani, lakini lilipochorwa ndipo wapangaji wangeweza kuliona kwa mara moja.

Sasa tatizo liko wapi? Matatu imehesabiwa, lakini anayekwenda kwa miguu au kwa baiskeli je? Uchunguzi uliofanywa na shirika la JICA la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba karibu nusu ya safari za Nairobi zilikuwa za miguu. Mwaka 2015 kaunti ilitoa sera ya kuwajali watembeao na wapandao baiskeli. Lakini mwaka 2022 barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands ilipofunguliwa, baiskeli na watu wa miguu hawakuruhusiwa kupanda huko. Wao wako chini, pamoja na vumbi na moshi. Wenzetu wengi wa shule za kutwa huja kwa njia hiyo kila asubuhi. Baiskeli yenye vihisi ikipita Waiyaki Way, James Gichuru na Naivasha Road, ingeweza kuonyesha mahali penye moshi mwingi, mashimo, na mahali ambapo mpanda baiskeli hulazimika kushuka na kusukuma.

Hata hivyo, tuwe waangalifu. Kwanza, kifaa huhesabu pale tu kinapopita. Ikiwa wenye vihisi wanaishi Lavington pekee, Lavington itatengenezwa vizuri zaidi na Kawangware itabaki na matope, na watasema eti data ndiyo ilisema. Pili, safari ya mtu ni siri yake. Inaonyesha analala wapi na anasoma wapi. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, nayo yafaa iheshimiwe. Tatu, daftari halijengi duka. Hesabu ikikaa kabatini, shimo litabaki shimo.

Wasomaji wapenzi, tusingoje wageni watuletee magurudumu mekundu. Chama chetu cha Kiswahili kinaweza kushirikiana na wanajiografia. Tusimame langoni saa moja asubuhi kwa wiki nzima, tuandike wangapi wamepita kwa miguu, baiskeli, bodaboda, matatu na gari la kibinafsi, na ni wapi wamevuka barabara. Katiba ya 2010 inawapa wananchi nafasi ya kushiriki katika mambo ya serikali. Tukienda kwa mwakilishi wa wadi na malalamiko matupu, atatusikiliza akiangalia saa. Tukienda na daftari lililojaa, itambidi atujibu.

Asiyehesabiwa hajengewi. Haya, kalamu mkononi!