Je, Wajua? Fremu Zinazoondoka Bila Kuaga

Je, wajua kuwa fanksheni inaweza kufanya kazi ndani ya programu na isiache hata unyayo? Kwa kawaida, ikiitwa, hufunguliwa fremu kwenye rundo la miito, na humo hutunzwa anwani ya kurudia. Lakini kama tendo lake la mwisho ni kuita fanksheni nyingine, kompaila inayoboresha kasi huenda isione sababu ya kurudi pale: hufuta fremu na kuruka moja kwa moja. Huo ndio mwito wa mkia. Kumbukumbu inaokolewa, ila A ikiita B, na B ikamalizia kwa kuita C, fundi anayesaka kosa anaona A na C tu. B, mwenye kosa, hayumo.

Je, wajua kuwa mwanasayansi wa kompyuta Guy Steele aliutetea mruko huu tangu 1977, ilhali Guido van Rossum, mwasisi wa lugha ya Python, aliukataa mwaka 2009? Alihofia, pamoja na mengine, kuwa orodha ya miito ingevurugika.

Chukua mfano: lori la korosho limeondoka Masasi, leo limeonekana bandarini Mtwara. Limepita Newala? Usiape. Ipo njia ya Ndanda na Mingoyo, na ipo ya kupanda uwanda wa Makonde kwa Newala na Tandahimba. LLDB, dibaga yaani programu ya kusakia makosa, ina busara hiyohiyo. Njia ikiwa moja tu, hurudisha fremu iliyofutwa na kuitia alama kwamba ni ya bandia. Zikiwa mbili, hunyamaza. GDB, dibaga nyingine, huthubutu kidogo zaidi: hutaja vile vipande ambavyo njia zote lazima zivipitie.

Ramani yenyewe inatoka kwa kompaila. DWARF 5, kanuni za taarifa za utatuzi zilizotolewa 2017, zina nafasi maalumu ya kuandika kwamba mwito huu ni wa mkia.

Je, wajua jinsi uhodari huo wa dibaga unavyopimwa bila mtu kukaa mbele ya skrini? Huandikwa programu fupi ya C++ yenye fanksheni zinazorushiana kazi. Kompaila inaamriwa iboreshe kasi, lakini inakatazwa kuzimeza fanksheni ndogo ndani ya kubwa. Kila moja hupewa kazi ya kuongeza namba fulani, isije ikafutwa kwa uvivu. Programu inasimamishwa kwenye fanksheni ya mwisho, orodha ya miito inasomwa, kisha inalinganishwa na jibu lililoandikwa ndani ya maelezo ya programu hiyohiyo. Ninayoyapenda zaidi ni majaribio yanayodai ukimya: dibaga ikikisia njia pasipo ushahidi, imefeli, hata kama imebahatisha.

Jaribio jingine huagiza dibaga itoke kwenye fanksheni. Sharti iziruke fremu za bandia, itue kwenye iliyo hai.

Na kivinjari cha Safari je? WebKit, injini yake, ilipoleta miito ya mkia katika JavaScript mwaka 2016, ilitengeneza ShadowChicken, chombo cha kuonyesha baadhi ya fremu zilizofutwa.