Kutembea Peke Yako Kutoka Arash

Likizo ya Aprili nalikwenda Malambo kwa miguu, peke yangu, kumwona shangazi. Wenzangu wa bwenini huniuliza sikupoteaje. Nikifika penye mwinuko hutazama kusini-mashariki, nikauona Ol Doinyo Lengai, mlima ule uliotapika majivu mwaka 2007. Basi njia naijua.

Nalichukua shuka, fimbo na kibuyu cha maziwa. Kichakani huimba kwa sauti, maana nyati akishtushwa ni mbaya kuliko simba, na sauti yangu si ya kwaya.

Lakini hatari kubwa ni makorongo. Mengi hukaa makavu, mchanga mtupu, na ukiufukua hupata maji ya kunywa. Jua lilikuwa kali, nami nalikwisha piga magoti katikati ya korongo nikifukua, mara mzee mmoja mchungaji akaniita toka ng'ambo, "Toka humo, mwanangu! Upesi!" Nalitoka shingo upande. Punde si punde maji mekundu yakaja yakivingirisha magogo. Kwetu palikuwa pakavu, ila mvua ilikwisha nyesha milimani, na huko mteremko ni mkali, ardhi ni mawe, maji hayanyweki. Yote hukimbilia korongoni. Mzee alikuwa akitazama mawingu ya mbali, mimi nikitazama mchanga.

Naliinama, akanigusa utosini. Nalilala bomani kwake. Asubuhi akanionyesha mahali papana, ambapo maji hutawanyika, nikavuka nikipima kwa fimbo, hayakupita magoti.