Ufunguo 0 na Kosa la S0C4

Programu imejaribiwa wiki nzima bila tatizo. Inahamishiwa kwenye maktaba rasmi ya mfumo, inaitwa, na papo hapo inakatika kwa msimbo S0C4. Hakuna hata herufi moja iliyobadilishwa ndani yake. Kwa mafundi wa kompyuta kubwa za IBM, zile zinazobeba hesabu za mabenki, kisa hiki si kigeni, na mizizi yake ni Aprili 1964, IBM ilipotangaza System/360.

Katika familia hiyo ya mashine, kumbukumbu iligawanywa vipande vya baiti 2,048, kila kipande na ufunguo wake wa biti 4, yaani namba kati ya 0 na 15. Programu nayo hubeba ufunguo. Ikitaka kuandika, prosesa hulinganisha namba hizo mbili: zikilingana, kazi inaendelea, zikitofautiana, inakatizwa. Ufunguo 0 pekee ndio unaofungua kote, nao ni wa mfumo wenyewe. Siku hizi kipande ni baiti 4,096, lakini kanuni ni ileile. Kwenye z/OS, mfumo wa uendeshaji wa mashine hizo, programu za kawaida hutumia ufunguo 8.

Programu yetu ilipewa alama ya RENT, inayouambia mfumo kwamba nakala moja yaweza kutumiwa na kazi nyingi kwa pamoja, kwa sababu haijibadilishi. Kumbe ndani yake, katikati ya maelekezo, mna kihesabu kinachoongezwa kila inapoitwa. Ilipopakiwa kutoka maktaba ya majaribio, iliwekwa penye ufunguo 8, ikajiandikia itakavyo. Ilipopakiwa kutoka maktaba rasmi, iliyoidhinishwa, mfumo uliiamini ile alama, ukaiweka penye ufunguo 0. Amri ya kwanza ya kuongeza hesabu ikagonga mwamba: ndiyo ile S0C4.

Eneo la PLPA, lenye programu zinazotumiwa na wote, ni kali zaidi. Huko biti moja katika jedwali la kurasa huufanya ukurasa kuwa wa kusomwa tu, na hata mwenye ufunguo 0 hukataliwa.

Dawa ni kukihamishia kihesabu kwenye kumbukumbu ambayo kila kazi hujiombea. Kama pasingekuwa na ulinzi, kazi mbili zingekiongeza kwa wakati mmoja, na benki ingepata jumla isiyo sahihi bila onyo lolote. Kazi iliyokatika usiku huonekana asubuhi; jumla mbovu yaweza kukaa miezi vitabuni.